Gia Zinapogoma: Tafuta Ugonjwa Kabla Giaboksi Haijashushwa

Gari la gia za mkono likishakula miaka mingi barabarani, hufika siku likaanza kukataa. Rivasi inasaga meno mbele za watu. Gia ya kwanza inataka isukumwe kwa nguvu zote. Ya pili inakwaruza kila unapopunguza mwendo, au ya tano inachomoka yenyewe ukiwa kwenye mteremko. Ukilipeleka gereji hujui hili wala lile, jibu utakalopewa mara nyingi ni fupi: giaboksi imekufa, tuishushe. Nayo ikishashushwa, safari ya kwenda kutafuta nyingine ya mtumba imeanza.

Usikubali upesi hivyo. Kwa gari kuukuu, shida nyingi za kuingiza gia zina chanzo nje ya giaboksi: kwenye klachi, kwenye nyaya au fito zinazounganisha mkono wa gia na giaboksi, au kwenye oili ambayo haijaguswa tangu gari lishuke melini. Hivyo vyote vinaweza kukaguliwa bila kufungua kitu kikubwa, na vingi vinatengenezwa kwa fedha ndogo. Nitakupitisha kwa mpangilio ambao naamini kila mwenye gari la namna hii angepaswa kuujua, tuanzie nje kwenye gharama ndogo, ndani tuingie mwisho. Magari ninayoyafikiria hapa ni yale tunayoishi nayo: Corolla 100 na 110, Hilux, Land Cruiser za sabini, HiAce za zamani, Suzuki ndogo za porini, na Peugeot 504 ambazo bado zina wenyewe wanaozipenda.

Anza na injini ikiwa imezimwa

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha zima injini. Kanyaga klachi hadi mwisho na upitishe mkono wa gia kote: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, rivasi. Fanya polepole, usikilize mkono wako. Gia moja ikigoma hapo, usiihukumu bado. Huenda meno yamekutana uso kwa uso. Weka frii, achia klachi, ondoa mawe na breki ya mkono, sukuma gari kidogo, kisha virudishe ujaribu tena.

Sasa washa injini, iache ingurume taratibu, urudie zoezi lile lile ukiwa umesimama.

Majibu ya mazoezi haya mawili ndiyo yatakayokuonyesha njia. Ikiwa gia zote ziliingia vizuri injini ilipozimwa, lakini injini ikiwaka zinagoma au zinasaga, klachi yako haiachii sawasawa. Shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini wakati wewe unadhani umeikata. Giaboksi yenyewe kwa sasa haina kesi. Ikiwa gia zinagoma hata injini imezimwa, tatizo liko kwenye mkono wa gia na viungo vyake, au ndani ya giaboksi. Na ikiwa zote zinaingia vizuri umesimama, iwe injini imewaka au imezimwa, ila gia fulani inakwaruza gari likiwa kwenye mwendo, hapo tunaanza kutazama oili na pete za sinkro, zile zinazosawazisha kasi kabla meno hayajakutana.

Kuna kipimo kingine cha kuthibitisha habari ya klachi. Injini ikiwaka, gari likiwa frii, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu pole pole hadi tano, ndipo uingize rivasi. Kwa nini rivasi? Kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani gia ya nyuma haina sinkro, haina kitu cha kuipunguzia kasi shafti kabla meno hayajakutana. Klachi ikiwa nzima, sekunde chache zinatosha shafti kusimama na rivasi huingia kimya. Ikisaga hata baada ya kuhesabu tano, shafti bado inazunguka, na anayeizungusha ni klachi. Rivasi inayosaga tu pale unapoiharakisha, lakini inaingia vizuri ukisubiri, si ugonjwa. Gusa kwanza gia ya pili kisha nenda rivasi. Sinkro ya ile ya pili itakusimamishia shafti.

Klachi isiyoachia

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Usikimbilie chini ya gari. Anzia miguuni mwako. Zulia la kununua barabarani, lililokunjika nyuma ya pedali, linaweza kuzuia klachi isifike mwisho, na dereva akahangaika mwezi mzima. Liondoe uone. Kisha ibonyeze pedali kwa mkono: inapaswa kuwa na nafasi ndogo ya kucheza kabla haijaanza kuwa nzito. Ikiwa inaenda chini sana bila kushika chochote, sehemu ya safari yake inapotea bure. Chukua tochi utazame juu, pale pedali inapokutana na fimbo inayosukuma masta, ile silinda ya mafuta ya klachi. Kuna pini ndogo inayopita kwenye tundu. Kwenye gari lililobadilishwa gia maelfu kwa maelfu ya mara mjini, pini hiyo huliwa ikawa nyembamba katikati, na tundu lake likageuka umbo la yai. Upungufu wa milimita chache pale juu unamaanisha klachi kutofunguka vya kutosha kule chini. Pini ni kitu cha bei ndogo kabisa, na ni wachache wanaokumbuka kuitazama.

Kama gari lako linatumia waya wa klachi, kama Suzuki Samurai au Volkswagen za mgongo wa kobe, kazi ni rahisi zaidi: kagua waya kama umeanza kukatika nyuzi, kama ala yake imepinda au imekauka, kisha urekebishe nati ya kukazia kufuata kipimo cha kitabu cha gari.

Magari mengi mengine yanatumia mafuta. Unapokanyaga pedali, masta ya juu inasukuma mafuta ya breki kupitia bomba hadi masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, nayo inasukuma uma unaofungua klachi. Fungua boneti utafute kichupa cha mafuta hayo. Kwenye Toyota nyingi kiko peke yake, kidogo, karibu na kile cha breki. Baadhi ya magari ya Ulaya hutumia kichupa kimoja kwa vyote viwili. Tazama kiwango, na tazama rangi.

Kuhusu kiwango, kuna jambo ambalo hata madereva wazoefu huliona geni. Mafuta ya breki hushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyokwisha, na hilo ni la kawaida. Mafuta ya klachi hayafanyi hivyo. Pleti ya klachi ikiliwa, masta ya chini hurudishwa nyuma na mafuta hurudi kichupani. Kwa hiyo kichupa cha klachi kinachopungua kina maana moja tu: kuna mahali panavuja. Kuongeza kila wiki ni kuahirisha siku utakayokwama katikati ya foleni.

Mafuta meusi kama kahawa yanakuambia mipira ya ndani ya masta imeanza kusagika. Mafuta ya breki pia hunyonya unyevu wa hewani, na kwa sisi wa pwani unyevu ni mwingi; ndiyo maana inashauriwa kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya upande wa klachi.

Sasa tafuta uvujaji. Ndani ya gari, papasa kwa kidole pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani. Pakiwa pamelowa, au rangi ya ukuta imebanduka vipande vipande, masta ya juu inavuja kwa ndani. Mafuta ya breki hula rangi, hayafichi nyayo. Kisha nenda kwenye masta ya chini. Ina kofia ya mpira mbele, kule fimbo inakotokea. Ivute ncha ya kofia hiyo taratibu kwa bisibisi. Pakiwa pakavu, au pana vumbi kavu tu, haijambo. Mafuta yakidondoka ukivuta, umempata mhalifu, hata kama kwa nje alionekana msafi. Watu wengi hudanganywa na kofia hii: inayashika mafuta kwa siku nyingi kabla tone la kwanza halijaonekana chini.

Pasipovuja popote, jaribu hivi. Injini ikiwaka na gia inagoma, kanyaga klachi haraka haraka mara tatu au nne mfululizo, ubaki umeikanyaga, ujaribu gia tena. Ikiingia vizuri baada ya kupampu, ndani ya mfumo kuna upepo, au masta ya juu inayapitisha mafuta pembeni ya mipira yake. Kinyume chake pia kinasema kitu: gia ikiingia, kisha ukiendelea kukanyaga klachi kwenye taa nyekundu gari likaanza kujivuta lenyewe, msukumo unapungua mafuta yakirudi nyuma polepole. Hiyo ni masta ya juu, mara nyingi bila tone hata moja kuonekana nje.

Mwite mtu akukanyagie huku wewe unaitazama fimbo ya masta ya chini. Inapaswa kutoka na kurudi kwa safari ya kueleweka, kwa kawaida sentimita moja au zaidi kidogo. Tazama pia bomba la mpira linaloiunganisha. Bomba lililozeeka huvimba kila pedali inapokanyagwa, na nguvu iliyopaswa kufika kwenye klachi inaishia kulitanua lenyewe. Ukiona linavimba, badilisha.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili na mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Chomeka mpira kwenye nipeli ya masta ya chini, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Mwenzio akanyage hadi chini na abaki hapo, wewe ulegeze nipeli mafuta yatoke, ukaze, ndipo yeye aachie. Pedali ikibaki imelala chini, aivute juu kwa mkono. Rudieni mpaka mapovu yaishe, huku kichupa cha juu kikijazwa kabla hakijakauka. Tumia mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa, kwa Toyota za zamani kwa kawaida ni DOT 3. Na hapa nasema kwa msisitizo wote: usimwage oili ya injini humo, hata kama uko porini. Mipira ya masta itavimba, na utalazimika kubadilisha kila kitu.

Ukibadilisha mipira ya masta, pitisha kidole ndani ya silinda kwanza. Ukikuta mikwaruzo au vishimo vya kutu, mipira mipya haitadumu. Nunua masta nzima. Nimeona watu wakibadilisha mipira ile ile mara kwa mara kwenye silinda iliyokwisha, wakilaumu ubora wa spea.

Na kama fimbo inatembea vizuri, hakuna upepo, hakuna uvujaji, na bado rivasi inasaga baada ya kuhesabu tano? Basi shida iko ndani ya gamba linalounganisha injini na giaboksi: uma uliopinda, beringi ya klachi iliyokwisha, presha pleti iliyochoka, au pleti yenyewe kugandia. Kwenye magari ya giaboksi ya kulala, kama Hilux na Land Cruiser, kuna pia beringi ndogo katikati ya flaiwili, inayoshikilia mwisho wa shafti. Ikikwama, injini huizungusha shafti moja kwa moja hata klachi ikiwa imefunguka kabisa. Hapo giaboksi itashushwa kweli, lakini kwa ajili ya klachi. Ni kazi tofauti na kufungua giaboksi, na bei yake iwe tofauti.

Mambo mawili kabla hatujaondoka kwenye klachi. Gari lililolala miezi mingi, hasa pwani kama Tanga, Mombasa au Unguja, pleti yake inaweza kushikana na flaiwili kwa kutu. Gia zitagoma ghafla wakati siku gari linaegeshwa zilikuwa nzima. Usishushe kitu kabla ya kujaribu kuibandua. Fundi mzoefu hufanya hivyo kwenye uwanja wazi, injini ikiwa imepata moto, pedali ikiwa imekanyagwa. La pili: kama tatizo limeanza siku ile ile uliyotoka kubadilishiwa klachi, rudi kwa aliyeibadilisha. Pleti iliyogeuzwa upande, pleti ya gari jingine, au upepo uliobaki kwenye bomba ni makosa yanayotokea, na ni wajibu wake kuyarekebisha.

Mkono wa gia usiofikisha ujumbe

Tuseme gia zilikataa hata injini imezimwa. Au zinaingia, lakini mkono wa gia unacheza ovyo, hujui umeshika ya kwanza au ya tatu. Hapo tazama viungo.

Corolla za mwaka 1991 na baada ya hapo, pamoja na magari mengine mengi yenye injini iliyolala kiupande, hutumia nyaya mbili: moja inachagua mstari wa gia, nyingine inaiingiza. Ncha za nyaya hizo zimevishwa vibushi vya plastiki. Joto la injini huvikausha, vinapasuka, na siku moja ncha inachomoka kabisa ukabaki unatingisha mkono wa gia hewani. Fungua boneti, mwambie mtu apitishe gia injini ikiwa imezimwa, wewe tazama nyaya zinapofika juu ya giaboksi. Mkono ukisogezwa ndani ya gari na kiungo cha giaboksi kikachelewa au kikasogea nusu, umeona. Sogeza kiungo hicho kwa mkono wako moja kwa moja. Gia zikiingia laini hapo, giaboksi ni nzima na kosa ni la nyaya au vibushi. Kipimo hiki kimoja kimewaokoa watu wengi wasinunue giaboksi wasiyoihitaji. Kipande cha mpira wa tyubu na waya vitakufikisha nyumbani kibushi kikipasuka njiani, lakini visiwe matengenezo ya mwaka.

Hilux na Land Cruiser hazina nyaya hizo. Mkono wa gia unazama moja kwa moja kwenye giaboksi, na chini kabisa kuna kikombe kidogo cha plastiki kinachoikumbatia ncha yake. Kikiisha, mkono unalegea kama jino bovu na gia ya kwanza inakuwa ya kubahatisha. Toa koti la mpira, legeza kifuniko, ung'oe mkono, utazame. Ziba tundu kwa kitambaa safi mara moja: bolti ikidondokea humo, umeitafutia giaboksi safari ya kushushwa uliyokuwa unaikwepa. Paka grisi, weka kikombe kipya, rudishia. Ni kazi ya saa moja au mbili.

HiAce za zamani na Peugeot zenye gia ya kwenye usukani zina fito na vibushi vingi zaidi, na kila kimoja kinaongeza ulegevu wake. Fito zikitoka kwenye mpangilio, zinaweza kugandana ukabaki kwenye gia moja. Zima injini, zifuate fito hadi kwenye giaboksi, rudisha vikono vyote viwili vya giaboksi kwenye frii kwa mkono, kisha urekebishe urefu wa fito.

Usisahau maunti za injini. Mpira wa maunti ukikatika, injini na giaboksi vinainuka kila unapokanyaga mafuta, na nyaya zinavutwa bila wewe kugusa kitu. Dalili yake ni gia kuchomoka unapoongeza au kupunguza mafuta ghafla, na mkono wa gia kusogea mbele na nyuma wenyewe. Wengi huipeleka dalili hii moja kwa moja kwa fundi wa giaboksi.

Oili

Kama shida ni gia inayokwaruza kwenye mwendo, tazama oili kabla ya kutoa hukumu nyingine. Ubavuni mwa giaboksi kuna bolti ya kujazia na chini kuna ya kumwagia. Daima fungua ya kujazia kwanza. Ukimwaga oili yote kisha ukagundua ile ya juu imeshikana haifunguki, gari halitoki hapo. Gari likiwa limelala sawasawa, oili inapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Iguse kwa kidole. Na kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi.

Unapomwaga, tazama sumaku ya bolti ya chini kwa makini. Matope ya kijivu, laini kama grisi, ni ya kawaida kwa giaboksi ya umri huo. Chembe za rangi ya dhahabu ndani ya oili ni shaba ya pete za sinkro inayoliwa. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi. Hapo usiendelee kuendesha ukitumaini mema. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji, jambo la kutarajiwa kwa gari lililovuka mafuriko ya Jangwani au mto uliojaa. Imwage siku hiyo hiyo, usingoje wikendi.

Kuhusu aina, fuata kitabu cha gari, siyo bei wala ushauri wa kaunta. Oili nzito ya difu, ile iliyoandikwa GL-5, imejaa kemikali za kulinda meno yanayobanwa sana, na baadhi ya kemikali hizo hula shaba ya sinkro. Vilevile utelezi wake huzizuia pete za sinkro kushika. Kama kitabu kinataka GL-4, weka GL-4. Honda nyingi za zamani hazikutaka oili ya gia kabisa. Zilijazwa oili ya injini. Oili nzito kupita kiasi hufanya gia zigome asubuhi na kulegea injini ikipata moto, na wenye magari hudhani ni ugonjwa unaokuja na kuondoka.

Kilichobaki ni cha ndani

Ukishapita yote haya na tatizo lipo, sasa tunaweza kuisema giaboksi. Sinkro ya gia ya pili ndiyo inayochoka mapema kwenye magari ya mjini, kwa sababu kila tuta na kila kona tunarudi ya pili. Ithibitishe hivi: ukitoka ya tatu kwenda ya pili, kanyaga klachi, weka frii, achia klachi, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza ya pili. Ikiingia kimya kwa njia hiyo na inakwaruza kwa njia ya kawaida, pete zimekwisha. Wazee walioendesha Land Rover kabla ya Series III ya mwaka 1971 walifanya hivi kila siku, kwa kuwa zile za awali hazikuwa na sinkro kwenye baadhi ya gia za mbele. Unaweza kuishi hivyo miezi mingi ukikusanya fedha, mradi sumaku yako haina vipande vya chuma.

Gia inayochomoka huku maunti na nyaya ni nzima inaonyesha uma wa ndani ulioliwa, chemchemi zilizochoka au meno yaliyolika kingo. Kupumzisha mkono juu ya mkono wa gia unapoendesha ni njia moja ya kuumaliza uma huo. Gia mbili kushikana kwa pamoja, gari likagoma kusogea, ni kazi ya fundi siku hiyo hiyo. Mngurumo unaosikika ukiwa frii na kunyamaza ukikanyaga klachi ni beringi ya shafti ya mbele. Unaosikika pale tu unapokanyaga ni beringi ya klachi.

Giaboksi ikishuka, badilisha klachi yote pamoja na beringi yake, kagua sili ya nyuma ya injini na uso wa flaiwili. Kazi ya kushusha umeshailipia. Usiilipie tena baada ya miezi sita. Ukilazimika kununua ya mtumba, iwe Gerezani au Kirinyaga Road, linganisha namba iliyopigwa kwenye giaboksi na ile ya gari lako, hesabu meno ya shafti dhidi ya pleti yako, zungusha shafti kwa mkono ukipitia kila gia, na uitikise uone kama inacheza. Muulize muuzaji kama atakubali irudishwe, na aandike.

Kwa fundi, nenda na taarifa kamili: gia ipi, injini ikiwaka au imezimwa, ikiwa baridi au moto, umeongeza mafuta ya klachi lini, sumaku ilionyesha nini. Mwombe akuonyeshe fimbo ya masta ya chini ikitembea, na asogeze kiungo cha giaboksi kwa mkono ukiwa umesimama pale. Akikataa kukuonyesha vitu hivyo viwili kabla ya kushika spana ya kushushia giaboksi, chukua funguo zako utafute fundi mwingine.